Picha ya Vishnu na Wake Zake Nayo ni Hati ya Unguja

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, hauna sura ya kiumbe chochote ndani yake. Kinachowatoa watafiti mbali waje kuutazama ni ukuta wa kibla, wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi katika jiwe la matumbawe. Maandishi hayo yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliyeamrisha ujenzi, na yanataja mwaka: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18. Herufi ndizo zilizosalimika kutoka msikiti wa kwanza. Tangu mtaalamu S. Flury alipochapisha uchambuzi wake mwaka 1922, herufi hizo zimethibitisha mambo ambayo masimulizi peke yake yasingeyathibitisha: kwamba karne ya 12 palikuwa na jamii ya Kiislamu iliyokwisha kuota mizizi huku kusini, kwamba palikuwa na mwenye mali aliyeweza kugharimia kazi nzuri, na kwamba fundi aliyezichonga alikuwa na ujuzi wa mitindo iliyotumika ng'ambo ya bahari, hadi Siraf katika Ghuba ya Uajemi.

Mwanahistoria anayesimama mbele ya ukuta ule anauliza maswali manne: nani aligharimia, nani alitengeneza, lini, na mtindo umetoka wapi. Maswali hayo hayo yanaweza kuulizwa juu ya kitu ambacho hakuna anayekiita hati, nacho ni picha ya ibada ya Kihindu, hasa ile inayomwonyesha mungu akiwa pamoja na wake zake. Picha za aina hiyo zimetundikwa katika nyumba na maduka ya Mji Mkongwe vizazi kwa vizazi, lakini hazimo katika mambo tunayoyahesabu tunapohesabu urithi wetu. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilisifu namna tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya zilivyochanganyika hapa. India inayoonyeshwa kwa wageni, hata hivyo, ni ile ya mbao na chokaa: milango, roshani na kuta. Ninachodai ni kwamba picha hizi ni ushahidi wa historia ya Unguja kwa kipimo kile kile kinachotumika Kizimkazi, na kwamba zinaeleza jambo ambalo mlango peke yake hauwezi kulieleza: namna watu wasioafikiana juu ya Mungu walivyokaa mtaa mmoja.

Jinsi picha inavyosomwa

Tuanze na picha yenyewe, kwa sababu asiyejua kuisoma ataiona kuwa ni rangi nyingi tu. Katikati yuko Vishnu, mwenye kuhifadhi ulimwengu, ngozi yake ya buluu, taji refu kichwani. Ana mikono minne, na kila mkono una alama yake: kombe la baharini lipulizwalo kama baragumu, gurudumu lenye makali, rungu, na ua la yungiyungi. Kuliani kwake yuko Lakshmi, aitwaye pia Shridevi, anayesimamia neema na mali. Kushotoni yuko Bhudevi, ambaye ni ardhi yenyewe. Mara nyingi wake hao wamechorwa wadogo kuliko mume, kwa sababu mchoraji hapimi kimo cha mwili; anapima daraja. Macho ya mungu ni makubwa na yanamkabili mtazamaji moja kwa moja. Hilo nalo lina maana yake, kwani kwa muumini wa Kihindu kwenda mbele ya picha ni kumwona mungu na pia kuonwa naye. Vivuli havipo, wala umbali wa mandhari, maana picha haikukusudiwa kuonyesha tukio lililotokea siku fulani. Inaonyesha hali isiyopita.

Ufundi wa picha hizi hutofautiana kwa mahali. Kule Thanjavur, kusini mwa India, mchoraji hutandaza kitambaa juu ya ubao, hujenga mapambo kwa lipu laini mpaka yainuke, kisha hubandika karatasi ya dhahabu na vipande vya kioo au vito. Kule Nathdwara, katika Rajasthan, mafundi huchora pazia za nguo zinazotundikwa nyuma ya sanamu ya Shrinathji, yaani Krishna akiwa mtoto anayeuinua mlima Govardhan. Huko Nathdwara ndiko zilikoelekea nyoyo za wafanyabiashara wengi wa Kibhatia kutoka Kutch, wafuasi wa njia ya Vallabhacharya, na hao ndio Banyani waliojulikana sana Unguja katika karne ya 19. Mwenye duka wa Kigujarati naye ana mlezi wake wa karibu: Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ambaye picha nyingi humweka katikati ya Riddhi na Siddhi, neema upande mmoja na mafanikio upande wa pili.

Jambo moja linarudi katika nyingi ya picha hizi. Mungu hakabiliwi peke yake. Mali, ardhi na ufanisi vimepewa sura za wanawake na kuwekwa ubavuni pake, na katika mapokeo ya Vishnu ya kusini mwa India Lakshmi ndiye anayemwombea mja mkosaji kwa mumewe. Kwa hiyo picha ni fundisho zima la dini kwa mtu asiyesoma vitabu: inamwambia ni nani wa kumwomba, kwa njia ya nani, na ni baraka zipi azitarajie. Kizimkazi fundi aliheshimu katazo la sura kwa kuipa herufi uzuri wote aliokuwa nao. Mchoraji wa Vishnu alichukua maneno ya vitabu vyake akayapa miili. Njia mbili hizi hazikutani katika akida. Zinakutana katika jambo ambalo mwanahistoria anaweza kulifuatilia: kila moja imeacha kitu kinachosomeka.

Ushahidi ni wa kale kuliko tudhaniavyo

Wako wanaodhani kwamba sanaa ya ibada ya Kihindi ililetwa pwani na reli ya Uganda au na utawala wa Mwingereza. Ushahidi unakataa. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton waligundua simba mdogo wa shaba anayeenea kiganjani, katika tabaka la udongo la miaka ya karibu na 1100, ambayo ndiyo zama za maandishi ya Kizimkazi. Umbo lake linafanana na vinyago vya ibada vya India, ingawa wataalamu wameeleza pia kwamba huenda alifuliwa huku huku pwani. Uwezekano wowote kati ya hiyo miwili unatosha kwa hoja yangu. Ikiwa alikuja na chombo, basi vitu vya ibada vya Kihindi vilisafiri kwa kaskazi hiyo hiyo iliyoleta mitindo ya Kikufi. Ikiwa alifuliwa hapa, basi palikuwa na fundi wa pwani aliyezijua sura hizo vya kutosha kuziiga.

Ushahidi wa picha iliyochorwa kwenye karatasi unakuja miaka takriban 400 baadaye, na umeandikwa na watu ambao hawakuelewa walichokiona. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa, na watu wawili wakatumwa mjini. Daftari la safari ile linasimulia kwamba walipelekwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili waliodhaniwa kuwa Wakristo, nao wakawaonyesha karatasi yenye mchoro waliouabudu. Wareno wakaandika kwamba mchoro ule ni wa Roho Mtakatifu, ambaye wao walimzoea katika sura ya njiwa. Karne nyingi baadaye Richard Burton, ambaye aliwahi kukaa Unguja na kuandika habari zake, alitoa maelezo mengine: huenda wenye nyumba walikuwa Wahindu, na mchoro ule ulimwonyesha Shiva na mkewe katika umbo la njiwa wawili. Ni dhana, na hakuna karatasi iliyobaki ya kuithibitisha. Lakini kinacholiunga mkono kundi la wasomi wanaowaona watu wale kuwa Wahindu ni mambo yaliyotokea siku chache baadaye Malindi. Huko Wahindi waliopanda merikebu ya Paulo da Gama, nduguye Vasco, walionyeshwa picha ya Bikira Maria, wakasujudu mbele yake, na siku zilizofuata wakawa wanakuja kuiombea, wakileta karafuu na pilipili. Daftari lile lile linaeleza kwamba watu hao hawakula nyama ya ng'ombe.

Visa hivi viwili vina uzito kwa sababu vinathibitisha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba mwaka 1498, katika miji ya Waislamu wa pwani, palikuwa na wafanyabiashara wenye picha ya ibada majumbani mwao, na hapana dalili katika daftari lile kwamba walikuwa wakiificha kwa hofu. Mgeni aliyeletwa na mtu wa mfalme wa Mombasa alionyeshwa bila kusitasita. La pili ni kwamba picha isiyo na msomaji wake inasomwa ovyo. Mreno alimwona njiwa akafikiria dini yake. Alipofika Calicut mwezi uliofuata akaingia hekalu la Kihindu akidhani ni kanisa, na zile sura zenye mikono minne au mitano kutani akaziita watakatifu. Kosa hilo halikuwa la ujinga wa Mreno peke yake. Litatokea tena katika makumbusho yoyote yatakayotundika picha hizi bila kuwauliza wenyewe.

Forodha ya Banyani, nyumba zisizo na wake

Karne ya 19 ndiyo iliyoijaza Unguja picha hizi. Tangu miongo ya mwanzo ya karne ile, ushuru wa forodha ulikodishwa na nyumba ya Shivji Topan, Wabhatia wa Kutch. Jairam Shivji, aliyefariki mwaka 1866, alikuwa mwenye fedha mkubwa wa Sultani Sayyid Said, na wakala wake Ladha Damji aliisimamia forodha mpaka jina lake likajulikana kwa kila msafiri wa Kizungu aliyetaka wapagazi na mkopo. Isipokuwa kipindi kifupi kuanzia mwaka 1876, alipoishika Taria Topan ambaye ni Khoja wa Ismailia, forodha ilibaki mikononi mwa Wahindu mpaka miaka ya 1880. Kwa maneno mengine, mfalme wa Kiibadhi, katika kisiwa cha Waislamu wa madhehebu ya Shafii, aliikabidhi hazina yake kwa waabudu Vishnu, na kila pembe ya ndovu na kila gunia la karafuu lilipita mbele ya macho yao.

Watu hao, kwa muda mrefu wa karne hiyo, waliishi bila wake zao. Burton aliandika kwamba Banyani hawakuwaleta wanawake wao kutoka Kutch. Miiko ya tabaka na ya kuvuka bahari iliwazuia, nao wakawa wanakaa miaka kadhaa, wanarudi kwao, kisha wanakuja tena. Hapo ndipo picha ya mungu na wake zake inapopata uzito ambao haukuwa nao kwao Kutch, katika miji ya Mandvi au Bhuj. Ibada ya nyumbani ya Kihindu kwa kawaida ina mkono wa mwanamke ndani yake: taa, maua, chakula cha kutolewa. Katika nyumba ya wanaume watupu, waliojipikia au waliopikiwa na watu wa tabaka lao, sura ya mke ilikuwa moja tu, na ilikuwa ukutani. Sidai kujua nini kilipita moyoni mwa karani aliyewasha taa jioni mbele ya Lakshmi. Ninadai kwamba historia ya uhamiaji wetu inaandikwa kwa takwimu za meli na ushuru, ilhali picha inatukumbusha gharama nyingine iliyolipwa na familia zilizotenganishwa na bahari. Hesabu hiyo haimo katika daftari lolote la forodha.

Madaftari yenyewe nayo hayakuwa mbali na ibada. Kila Divali, mfanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka, hufungua vitabu vipya na kuviombea mbele ya Lakshmi, Ganesha na Saraswati kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Picha ilikuwa chombo cha kazi, kama mizani na wino. Mwanahistoria anayesoma vitabu vya hesabu vya wakati ule bila kujua kwamba vilifunguliwa kwa sala anasoma nusu ya maana yake.

Kisha yakaja mapinduzi ya uchapaji. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuiunganisha Unguja na Bombay kwa ratiba, badala ya kungoja kaskazi na kusi. Mwaka 1894 Raja Ravi Varma, mchoraji maarufu kutoka Travancore, alifungua kiwanda cha uchapaji Bombay kwa mitambo na mafundi wa Kijerumani, kikahamia baadaye karibu na Lonavala. Kiwanda kile kilitoa Lakshmi, Saraswati na Vishnu na wake zake kwa rangi za mafuta zilizochapwa, kwa bei ambayo karani aliimudu. Ravi Varma aliwapa miungu nyuso za watu, nguo zenye mikunjo na mwanga wa michoro ya Ulaya. Sura zilizokuwa za hekalu na za tajiri zikawa za kila nyumba, na zikafuata njia za meli popote palipofunguliwa duka la Kigujarati, kuanzia Mji Mkongwe hadi Kisutu kule Dar es Salaam na mitaa ya Mombasa.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza ni la dini, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Litasema: kisiwa hiki ni cha Waislamu, na picha inayoabudiwa ndiyo hasa jambo ambalo Uislamu umelikataa, vipi iitwe urithi wetu? Jibu langu ni kwamba historia ya Unguja yenyewe imekwisha kutofautisha mambo matatu: sura, ibada ya sura, na kuishi jirani na mwenye kuiabudu. Sura peke yake haikuwahi kukosekana mifukoni. Reale iliyotumika sana kwa biashara ya karne ya 19 ilikuwa na kichwa cha Maria Theresa wa Austria, na rupia ya India iliyoifuata ilikuwa na kichwa cha Malkia Victoria. Mwaka 1896 stempu za Zanzibar zilitoka na picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Kuta za jumba la Sultani zilitundikwa picha za watawala. Waungwana wa mji walizishika fedha hizo kisha wakaenda kuswali katika misikiti isiyo na sura, na hawakuona mgongano, kwa kuwa walijua mpaka uko wapi. Mpaka ulikuwa katika ibada, na ibada ya Mhindu ilikaa nyumbani kwake.

Hapa ndipo milango inapotusaidia, ikisomwa pamoja na picha. Yungiyungi limechongwa kwenye milango mingi ya Mji Mkongwe, ya Waarabu na ya Wahindi vile vile. Ua hilo lina asili nyingi, na si kila mlango wenye ua una habari za Lakshmi. Lakini katika nyumba ya Mbhatia ua lilikuwa na maisha mawili. Nje, likiwa peke yake kwenye mbao, lilikuwa pambo ambalo jirani yeyote angelipenda. Ndani, lilikuwa mkononi mwa mungu wa kike. Mpangilio huo ulikwenda sambamba na adabu ya nyumba za pwani nzima: mgeni hukaribishwa barazani, na mambo ya ndani yana sitara yake. Muislamu aliwasitiri watu wake, Banyani akaisitiri miungu yake, na wote wawili walielewana bila kuandikiana mkataba. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake; katika mji huu walijua pia kwamba si lazima kuijua. Anayeitetea picha kama urithi hamtaki Muislamu aiheshimu kiibada. Anataka ikubalike kwamba mapatano yale yalikuwa kazi ya Waunguja wenyewe, na kazi hiyo ni ya kujivunia.

Wala Wahindu hawakuwa na kauli moja. Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati na kufika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, inakataa ibada ya picha na sanamu kabisa na inashika moto na maneno ya Veda. Mjadala juu ya sura, basi, haukuwa wa Waislamu dhidi ya Wahindu peke yake. Ulikuwemo pia miongoni mwa Wahindu wa Zanzibar wenyewe, na hilo linaifanya picha kuwa ushahidi mzuri zaidi, kwani palipo na ubishi ndipo watu huonyesha wanachokiamini kwa dhati.

Pingamizi la pili ni la wapenzi wa sanaa. Litasema kwamba karatasi zilizochapwa kwa maelfu si sanaa. Kama ni urithi, basi tutafute pazia za Nathdwara na mbao za dhahabu za Thanjavur. Nakubali kwamba mkono wa fundi una thamani yake, ila kwa mwanahistoria uchapaji ni faida. Picha ya kiwandani mara nyingi ina jina la kiwanda kwenye ukingo wa chini, na jina la kiwanda linatoa mahali na kipindi. Fremu inaweza kuonyesha fundi seremala wa hapa, na mgongo wa picha huweza kuwa na tarehe, jina la aliyeitoa zawadi au muhuri wa duka. Rudia maswali manne ya Kizimkazi na utaona kwamba karatasi hii ya bei rahisi inayajibu mengi. Wingi wake nao ni habari: unaonyesha kilichopendwa na watu wa kawaida, ambao hawakuwahi kuchonga jina lao kwenye jiwe la msikiti wala la hekalu.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Litasema kwamba mali iliyoombewa mbele ya Lakshmi ilitokana na jasho la watumwa na deni la wakulima. Ni kweli. Nyumba za fedha za Kihindi, za Wahindu na za Waislamu, ziligharimia misafara ya bara iliyorudi na pembe na watu. Wahindi wengi wa Unguja walimiliki watumwa, mpaka Rigby, konseli wa Uingereza, alipowalazimisha kuwaachia maelfu mwaka 1860 kwa hoja kwamba wao ni raia wa Kiingereza. Lugha yetu imehifadhi kinyongo na haja kwa pamoja katika methali moja: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Lakini hoja hii, ikifuatwa mpaka mwisho, haiishii kwenye picha. Milango mizuri tunayoipiga rangi kwa ajili ya watalii ilinunuliwa kwa fedha hizo hizo, na mashamba ya karafuu yalipandwa kwa mikono ya watumwa wa mabwana wa kila dini. Hatujaibomoa milango. Tumeamua, kwa haki kabisa, kuihifadhi na kusimulia ukweli wake. Picha nayo isimuliwe hivyo hivyo: ukutani neema ilichorwa kama mwanamke anayemwaga sarafu, na Mkunazini, mpaka soko la watumwa lilipofungwa kwa mkataba wa 1873, wanawake walihesabiwa kwa sarafu. Anayeziweka sura hizo mbili katika ukurasa mmoja anaeleza karne ya 19 kwa ukamilifu zaidi kuliko anayeifuta mojawapo.

Pingamizi la nne linasema kwamba wenye picha wamekwisha kuondoka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wahindi wengi walihamia Dar es Salaam, India, Uingereza na Canada, na picha, kwa kuwa hubebeka, ziliondoka nao. Zilizobaki ni mali ya familia au ya mahekalu, kama lile la Shiv Shakti katika mtaa wa Hurumzi, ambalo mpaka leo ni mahali pa ibada. Serikali ina haki gani ya kuingilia? Hoja hii ina nguvu kwa upande mmoja: hakuna picha inayoabudiwa inayopaswa kutolewa ukutani kwa jina la urithi. Kwa upande mwingine inatuonyesha haraka ya kazi. Jiwe la Kizimkazi limestahimili miaka zaidi ya 900 ya chumvi na mvua. Karatasi haitastahimili hata 200 katika unyevu wa Unguja, na kila familia inapouza nyumba, fremu huishia kwa muuza vitu vya kale na habari zake zikapotea siku hiyo hiyo.

La kufanya

Kinachohitajika hakina gharama kubwa wala hakigusi imani ya mtu. Mamlaka ya Mji Mkongwe, idara ya makumbusho na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kuanza kwa kupiga picha na kuorodhesha: ukubwa, kiwanda, maandishi ya mbele na nyuma, fundi wa fremu, chumba ilimotundikwa, na maelezo ya mwenye nyumba kwa maneno yake. Ridhaa iombwe kwanza, na jina la familia lisitangazwe bila idhini. Kazi hiyo ifanywe pamoja na Wahindu wa Unguja wenyewe na ndugu zao walio Dar es Salaam na Leicester kule Uingereza, kwa sababu kosa la Mombasa la 1498 linatufundisha kwamba mgeni mwenye kalamu, hata akiwa na nia njema, huandika dini yake juu ya karatasi ya mwenzake. Wanaopenda kutoa picha zisizotumika tena kwa ibada wapewe mahali salama pa kuzitoa. Waongozaji watalii nao wafundishwe kueleza yungiyungi la mlangoni na la mkononi mwa Lakshmi katika somo moja.

Kizimkazi ina nafasi yake katika kazi hii. Wageni wanaofika huko kwa ajili ya pomboo na msikiti huelezwa kwamba hapa ndipo ulipo ushahidi wa kale wenye tarehe wa Uislamu Unguja. Ni fahari ya haki. Fahari hiyo inakuwa na maana zaidi ikielezwa kamili: jamii iliyojiamini katika imani yake kiasi cha kuichonga kwenye jiwe mwaka 1107 ndiyo ambayo, karne baada ya karne, iliweza kukaa na jirani mwenye kuabudu kwa njia isiyo yake bila kuogopa kupoteza kitu. Anayeijua dini yake kwa yakini hana sababu ya kuiogopa picha ya mwenzake, na nchi inayoijua historia yake kwa yakini haina sababu ya kuiacha nje ya orodha.